Kamera Kwenye Mtambo wa Saltmere

Gari jeupe aina ya Ford Transit liliingia mzunguko wa Fosby kwa kasi ya kichaa, likalipita trekta lililosheheni viazisukari, likatokomea.

Hester Skelton alikanyaga breki.

Trekta lilikuwa limeziba barabara nzima, na dereva wake alikuwa hana haraka na dunia. Hester alipopata upenyo wa kupitisha Vauxhall yake, mbele kulikuwa na mashamba, ukungu, na barabara tupu.

Aliupiga usukani ngumi. Moja tu. Kisha akachukua redio.

"Bundi kwa Kiota. Nimelipoteza."

"Rudia, Bundi."

"Nimelipoteza, Ambrose. Trekta."

Ambrose Tidewell, mkuu wake wa idara ya usalama kule London, alikuwa na tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo baya. Alikohoa.

"Mle ndani mna kilo kumi na mbili za baruti zilizoshushwa bandarini alfajiri. Na Lazar Odrin mwenyewe. Unajua anakokwenda."

"Saltmere. Funga mtambo basi. Leta polisi."

"Polisi wamegawanywa kwenye vituo vya kura. Na wizara imekataa. Leo ni siku ya kura, Hester. Serikali ikionekana inaulinda mtambo, itaambiwa inaingilia kampeni."

"Ukilipuka je, itaambiwa nini?"

Ambrose alikata redio.

Mtambo wa umeme wa gesi wa Saltmere ndio uliokuwa hoja nzima ya uchaguzi ule mdogo. Upande mmoja ulitaka uendelee kuwaka. Upande wa pili, wenye Serikali na wenye kalamu, ulitaka uzimwe kwa jina la hewa safi. Mimi sina ugomvi na upepo. Upepo ni wa Mungu, huvuma ukitaka. Ugomvi wangu ni na watu waliotuapia kwamba utavuma kila siku. Wiki ile ulikuwa haujavuma kwa siku nne. Baridi ilikuwa ya kupasua mabomba, na vinu vyote vya upepo vya pwani ya Lincolnshire vilikuwa vimesimama kimya. Saltmere peke yake ndio uliokuwa ukiwasha taa za kaunti nzima.

Aurelis walilijua hilo. Aurelis ni kampuni ya ng'ambo yenye waya mnene unaopita chini ya bahari kutuuzia umeme. Saltmere ukizimika siku kama ile, wao wangetaja bei wanayotaka nasi tungelipa. Odrin alikuwa mtu wao wa kazi chafu. Hester alikuwa na hakika. Ushahidi ndio hakuwa nao.

Alikata kushoto, akaelekea nyumbani kwa baba yake.

Haikuwa huruma ya mtoto tu, ingawa huruma ilikuwepo. Dirisha la jikoni la Mzee Cyril lilitazamana na mtambo, na hakuna gari lililopita barabara ile bila yeye kuliona. Alikuwa amefanya kazi mle miaka thelathini. Sasa mapafu yalikuwa yamechoka, na alipumua kwa mashine iliyochomekwa ukutani. Mtungi wa hewa wa akiba ulimtosha saa mbili. Umeme wa Saltmere ukikatika ungekatika kwa siku, na hospitali ya karibu ilikuwa mbali, tena barabara ya barafu.

Alimkuta kitini, mpira wa hewa puani, chai mkononi, televisheni imewashwa.

"Umekuja kupiga kura?"

"Niko kazini, Baba. Mtungi wako uko wapi?"

"Nyuma ya mlango. Kwani kuna nini?"

"Usiniulize."

"Basi ni kubwa." Mzee Cyril aliinua kidole kuelekea televisheni. "Hebu mtazame huyo. Mbwa wa tano tangu asubuhi. Watu wanaganda vitandani, hawa wanatuonyesha mbwa."

Kwenye skrini mbwa mdogo mwenye utepe shingoni alikuwa amefungwa nje ya kituo cha kura, na mtangazaji akimchekea. Ndivyo ilivyo huku. Siku ya kura, tangu asubuhi mpaka masanduku yafungwe saa nne usiku, mtangazaji haruhusiwi kugusa hoja yoyote ya uchaguzi. Haruhusiwi hata kuitaja. Basi hupiga picha mbwa wa wapiga kura, na taifa zima hutazama mbwa.

"Ndiyo sheria, Baba."

"Naijua sheria. Miaka mitano wametuita wachafu, wauaji wa wajukuu zetu. Leo siku ya kututendea haki, wamepata sheria ya kuziba mdomo." Alivuta pumzi. Maneno mengi yalimgharimu. "Afadhali hao wenzao walioingia mtamboni."

Hester alikuwa ameshashika kitasa cha mlango.

"Wenzao gani?"

"Albion Moja. Desmond wa getini kanipigia sasa hivi, kafurahi utadhani kaposwa. Gari la televisheni limeingia kupiga picha. Kamera, dada mwenye maikrofoni, kila kitu."

"Wanapiga picha mtambo?"

"Ndivyo alivyo..."

"Leo?"

Mzee Cyril aliweka kikombe chini.

Hakuna mhariri wa Kiingereza, hata mlevi, hata mjinga, angepeleka kamera Saltmere mchana ule. Angefukuzwa kazi kabla chai haijapoa. Mgeni tu ndiye asiyelijua hilo. Mgeni aliyesoma ramani, ratiba na nyaya zote, akasahau kusoma tabia za watu.

"Si wao," Hester alisema.

"Si wao," baba yake akaitika. "Watakuwa kwenye transfoma kuu. Ukiiua ile, umeua kila kitu. Kuipata nyingine ni mwaka mzima."

"Fungua mtungi nikikupigia."

"Nenda, mwanangu. Acha kunilea."

Desmond aliinua kizuizi kabla Vauxhall haijasimama. Alikuwa amechana nywele.

"Hester! Umesikia? Tunaonekana leo!"

"Wako wangapi?"

"Watatu. Wako kule kwenye transfoma. Wamesema wanataka mandhari ya vyuma. Vipi, mbona uso huo?"

"Toa watu wote upande ule. Kimya kimya. Na wewe ubaki hapa."

Transit lilikuwa limeegeshwa kando ya uzio, sasa limebandikwa nembo ya Albion Moja ubavuni. Gundi ilikuwa bado mbichi. Pembe moja ilikuwa imeanza kubanduka kwa ukungu. Mwanamke alisimama na maikrofoni. Kijana mmoja aliishika kamera bila kuitazama. Wa tatu hakuonekana.

Hester alitembea polepole, mikono mifukoni mwa koti lake la Barbour, bastola ya Glock 17 ikiwa kwenye mkono wa kulia.

"Habari za mchana. Mimi ni wa ofisi ya habari hapa. Mnaendeleaje?"

"Vizuri sana," mwanamke alitabasamu. Kiingereza chake kilikuwa safi mno. "Tunamaliza sasa hivi."

"Leo mmeshapata mbwa wangapi?"

Tabasamu lilibaki pale pale. Macho yakahama.

"Mbwa?"

"Mbwa wa kura."

"Sisi ni watu wa televisheni, dada. Hatushughuliki na mbwa."

"Hapo ndipo mlipoharibu."

Kijana alitupa kamera. Mkono wake ulifika kiunoni, haukuvuka hapo. Risasi ya Hester ilimvunja goti, akaanguka akipiga mayowe. Mwanamke alirusha maikrofoni, Hester akaikwepa, akampiga na kitako cha bastola nyuma ya sikio. Akalala.

Wawili.

"Bundi," redio ilinong'ona. "Hali?"

"Subiri."

Alizunguka transfoma. Lilikuwa dude kubwa kama nyumba, likivuma sauti ile ile aliyokulia akiisikia usingizini. Vifurushi vinne vya baruti vilikuwa vimeshikizwa kwa sumaku kwenye tangi la mafuta. Lazar Odrin alikuwa amechuchumaa mbele ya cha tano. Aliinuka taratibu. Mkononi alikuwa na kidude chenye taa nyekundu, na kidole gumba juu ya kitufe.

"Hester Skelton," alisema. "Nimesikia habari zako. Nikibonyeza, tunakwenda wote."

"Wewe hujalipwa ufe."

"Kweli." Odrin alicheka kidogo. "Lakini hebu niambie, dada yangu. Unalinda nini? Nimesoma magazeti yenu mwaka mzima. Nimetazama televisheni yenu. Wenyewe mnauchukia mtambo huu. Nilidhani mtanipa medali."

Odrin alisema kweli. Hilo ndilo lililomkera.

Alifyatua.

Risasi iliingia kwenye kiwiko. Vidole vya Odrin vilifunguka vyenyewe, kidude kikaanguka kwenye kokoto, na Hester alikuwa ameshakipiga teke mbali naye kabla Odrin hajagusa ardhi. Akamfunga pingu kwenye nguzo ya uzio. Kisha akapiga magoti kwenye barafu, akachomoa viwashio kimoja kimoja, vidole vikiwa vimekufa ganzi.

Kiwashio cha mwisho kilipotoka, alikaa chini.

Transfoma liliendelea kuvuma.

"Bundi kwa Kiota. Odrin mikononi. Mtambo salama."

Ambrose alishusha pumzi. Safari hii hakukohoa.

Getini, Desmond alikuwa ameshashindwa kujizuia. Alikuwa amewapigia Albion Moja wenyewe, wale wa kweli, akaweka simu kwenye spika.

"Bwana, nakuelewa," sauti ya mhariri ilisema, ya upole, ya kuchoka. "Lakini Saltmere ni hoja ya kampeni. Siwezi kuitaja mpaka saa nne usiku."

"Walitaka kutulipua!"

"Nakuelewa kabisa. Samahani, hapo getini kuna mbwa wa ulinzi?"

"Yupo mmoja."

"Keshakwenda kupiga kura na mwenyewe?"

Desmond alikata simu. Uso wake ulikuwa umezeeka.

Usiku ule masanduku yalihesabiwa. Mgombea aliyeahidi kuutetea mtambo alishinda, na kwa kura nyingi. Haikusaidia kitu.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, Hester alikuwa jikoni kwa baba yake akikaanga mayai. Habari ya Saltmere ilipewa sentensi moja, baada ya michezo: tukio dogo katika mtambo wenye utata. Uhusiano na kampuni yoyote haukuthibitishwa. Odrin alikuwa ameshapata mawakili wazuri.

Kisha waziri akasimama mbele ya vinu vilivyosimama, skafu shingoni. Alisema tukio la jana limetufunza kwamba mitambo ya kizamani inawavutia maadui. Kwa usalama wa wananchi, Saltmere utazimwa mwisho wa mwezi. Pengo litazibwa na umeme wa waya wa chini ya bahari, kwa mkataba mpya na Aurelis.

Hester alizima jiko.

Mashine ilipumua ukutani.

"Kwa hiyo," Mzee Cyril alisema hatimaye, "yule bwana uliyemvunja mkono. Alitaka nini ambacho hakukipata?"

"Hakuna, Baba."

"Hakuna." Alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuuma Hester kuliko hasira. "Hukukosea wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo yenyewe tumeishona sisi."

Simu ililia. Ambrose. Alikohoa kwa muda mrefu.

"Sema tu," Hester alimwambia.

"Jumatatu mafundi wanakuja kukata nyaya za Saltmere. Wizara inataka ulinzi kuanzia leo. Wamekutaja kwa jina, kwa kazi nzuri ya jana."

"Adui ni nani safari hii?"

"Watu wa mji. Tumesikia watakusanyika getini. Wazee zaidi."

Hester aliinua macho. Mzee Cyril alikuwa ameinama kando ya kiti, mpira umenyooka mpaka mwisho wake, akizitafuta buti zake za kazi, zile alizokuwa akizivaa kila siku kwenda mtamboni.

"Bundi? Umenipata?"

"Nimekupata."

Alivaa koti. Aliiangalia bastola, akairudisha mfukoni mwa koti. Alimfunga baba yake kamba za buti zote mbili, vizuri, fundo mara mbili, kisha akatoka nje kwenye baridi isiyo na upepo, akaingia garini, akaondoka bila haraka kuelekea Saltmere.