Vidole Viwili vya Baba

Kila jioni jua lilipopoa, Doña Chayo, mhudumu wa afya wa mtaa wao pale Laredo, alifungulia redio kwenye uwanja wa kanisa na kuwafanyisha akina mama mazoezi ya viungo. Kati yao alikuwemo mwanamume mmoja tu, fundi wa matairi mwenye kitambi cha haja: Eleuterio, baba yake Marisela. Daktari alikuwa amemwambia wazi kwamba asipoitumia miguu yake, sukari itamla.

Marisela, aliyekuwa akiingojea kwa hamu sherehe yake ya kutimiza miaka kumi na tano, alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Baba, acha bwana! Unaniaibisha. Wanaume wenzako wako kwenye mpira, wewe umejichomeka kwa akina mama!"

"Niache nijikongoje, mwanangu. Nina sababu zangu."

Siku moja Marisela alijibanza nyuma ya ukuta, akamrekodi kwa simu. Akina mama walikuwa wameshaondoka. Baba alibaki peke yake, akizunguka taratibu, jasho likimtiririka, mikono kaiinua kama aliyemshika mtu. Marisela akaisambaza video kwa wanafunzi wenzake na maneno haya: "Njooni muone kiboko anacheza na upepo!"

Ikafika hadi gereji. "We Eleuterio," mafundi wakamdhihaki, "leo sketi umeisahau nyumbani?" Akacheka nao, maskini, huku roho ikimuuma. Hakurudi tena uwanjani. Marisela naye akafurahi, eti heshima yake imerudi.

Miezi minne, kila alipotoka kazini, baba alijilaza kwenye kochi, chupa ya soda ubavuni. Kiatu kikamchubua asihisi kitu, maana nyayo zilikwisha kufa ganzi. Mama alipomvua soksi, vidole viwili vilikuwa vyeusi na vinanuka. Hospitalini wakavikata.

Doña Chayo alimkuta Marisela akilia nje ya wodi. Hakumbembeleza.

"Nilimfuata baba yako mara tatu. Akanijibu, 'Binti yangu ananionea haya.' Unajua alikuwa anafanya nini kwenye ile video yako?"

"Alikuwa anacheza peke yake."

"Peke yake wapi! Alikuwa anajifunza dansi ya baba na binti, ya sherehe yako. Aliyekuwa amemshika ni wewe."

Marisela akakosa pa kuuweka uso wake.

Baba alipopona, Marisela alimshika mkono wakaenda uwanjani pamoja. Wanafunzi wenzake walikuwa wamejaa ukutani na simu zao. "Kiboko kaleta mtoto!" wakapiga kelele. Neno hilo lilikuwa la Marisela mwenyewe. Lilimchoma, lakini hakumwachia baba mkono.

Siku ya sherehe, baba alicheza nusu ya wimbo, fimbo mkono mmoja, binti mkono wa pili. Marisela alilia mbele ya watu wote.

"Sukari ya baba yako imeshuka," Doña Chayo alimwambia baadaye. "Mtu mzima akiamua kuutunza mwili wake, mfuate ukafanye naye mazoezi, usimcheke. Vidole vilivyobaki vitunzeni. Vile viwili havitaota tena."