Chokoleti Katika Shati la Fabrice

Kila Jumapili, wakitoka kanisani, Solange alikuwa na kazi zake: kuchota maji bombani, kufagia mbele ya nyumba, na kumwangalia Gélase, mdogo wake wa miaka mitano, asije akachezea makaa. Mama naye alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu. Alifungua sanduku la bati, akatoa shati jeupe la shule, akalianika juani. Lilikuwa shati la Fabrice.

Pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, wote walimwita Mama Fabrice, kwa kuwa Fabrice ndiye kifungua mimba wake. Kila alipoitwa, jina la mwanawe lilitajwa, na mwanawe hakuwepo. Mwaka 1998, vita ilipofika Uvira, kwao Kongo, walikimbilia ziwani. Gélase alikuwa akitetemeka kwa baridi, Fabrice akavua shati akamfunika. Kisha mama akamwambia Fabrice, “Kimbia ulete sufuria.” Akakimbia. Risasi zikalia, mwenye mtumbwi akakataa kungoja, wakavuka bila Fabrice. Tangu siku hiyo mama hakununua sufuria kubwa. Akiihitaji, aliazima kwa jirani, Mama Cécile.

Kwa hiyo msishangae kwamba katika nyumba ile kila chakula kilikuwa na fungu la Fabrice.

Krismasi ya mwaka 2000, baba, aliyekuwa fundi cherehani huko Area 23 mjini Lilongwe, alileta mfuko mkubwa wa chokoleti aliopewa na mteja wake. Watoto walikula, majirani wakaonja, na bado vipande vingi vikabaki. Baba akarudi kazini. Mwaka mpya ulipopita, mama akaubonyeza ule mfuko, akatikisa kichwa.

“Joto itaziharibu bure,” akasema. “Jumapili tutazitia mu gato.”

“Na ya Fabrice?” Solange akauliza.

“Atapata kipande cha gato kama siye bote.”

Solange hakuridhika. Keki, ndiyo gato ya mama, hukaa siku chache tu, ikaota ukungu. Chokoleti, kwa akili yake, ingeweza kumngoja kaka hata mwaka mzima. Tena aliogopa. Siku fungu la Fabrice litakapoliwa likaisha, aliwaza, ndiyo siku tutakayokuwa tumekubali kwamba amekufa. Basi mama, ambaye naye alishona, alipoinamia cherehani yake, Solange alichota vipande kadhaa, akavitia katika mfuko wa kifuani wa lile shati, akalikunja vizuri na kufunga sanduku.

Mama aliona upungufu siku hiyo hiyo.

“Ni panya, mama.”

“Panya gani hiyo inafungua mufuko na kuufunga tena?”

Solange akashughulika na ufagio. Mama akamtazama, akaguna, akarudi kwenye kazi yake. Na lile sanduku lilikaa chini ya paa la bati, na jua la Januari halikuwa na huruma.

Jumapili ikafika. Mama Cécile akaleta sufuria yake. Norbert, kijana wa kabaza, ile baiskeli ya kubebea abiria, akaleta juu yake mchanga safi wa kuokea. Mama akaingia ndani kutoa shati. Mara kikasikika kilio ambacho Solange hajakisahau.

“Yesu wangu! Damu! Mutoto wangu!”

Mama alitoka amelishika shati kwa mikono miwili. Kifuani, penye moyo, palikuwa na doa pana la kahawia, limekauka pembeni. Majirani wakaja mbio. “Amekuja kukuaga, maskini,” Mama Cécile akanong'ona. Kwa kitambo kidogo hata Solange aliona damu. Halafu akakumbuka.

“Ni mi nilimutuma,” mama alilia, amekaa vumbini. “Mutoto wangu amekufa sababu ya sufuria! Norbert, kimbia barabarani, tuma habari na minibasi ya Lilongwe. Baba yabo akuje. Tunaweka matanga.”

Norbert akapanda baiskeli. Solange akisema, ataonekana mwongo na mdokozi mbele ya watu wote. Asiposema, baba atapokea habari za msiba, na Fabrice ataliliwa kama maiti kwa ajili ya chokoleti.

“Norbert, ngoja!”

Akalichukua shati mikononi mwa mama, akatia kidole mfukoni, akakilamba. Wanawake wakapiga ukelele.

“Ni chokoleti, mama. Ni mi niliiweka. Haikuwa panya. Nilitaka Fabrice akute yake.”

“Na mimi nilambe!” Gélase akadakia.

Mama akalinusa shati. Akalinusa tena. Akaanza kucheka huku machozi yakimtiririka, na Norbert akaegemeza baiskeli ukutani. Solange alisimama akingoja kofi. Badala yake mama akamvuta, akamkalisha karibu na moto.

Wakayeyusha chokoleti iliyobaki katika bakuli juu ya maji ya moto, wakaikoroga na unga, mayai na sukari. Wakaimimina katika kibati, wakakiweka juu ya mchanga wa moto ndani ya sufuria, na makaa juu ya mfuniko.

“Kumukumbuka kaka yako si kosa,” mama akasema. “Kosa ni kuficha na kudanganya. We ulinyamaza, na mi ule unyamavu niliujaza na maiti. Ukifanya kitu, sema mapema, hata kama unaogopa. Umesikia?”

“Nimesikia, mama.”

Keki ilipoiva, mama akakata fungu la Fabrice, akalifunga katika karatasi.

“Peleka kule kwa bale bageni bamefika kambini jana. Kuko mutoto mumoja alifika peke yake. Chakula ni ya kula, haiwekwe mu sanduku. Pengine kule Fabrice iko, mama mwingine anamupa fungu ya mutoto wake.”

Solange akamkuta mtoto huyo, msichana mdogo, ameketi mlangoni. Msichana akaipokea keki kwa mikono miwili, lakini hakuila mara moja.

“Ni ya nani?”

“Ya kaka yangu.”

“Hatakasirika?”

“Kula,” Solange akamjibu. “Akirudi, mi mwenyewe nitamuambia.”