Ng'ombe wa Swali la Saba

“Umeniweka kwenye mtihani pamoja na ng'ombe, Damari! Mimi na ng'ombe, swali moja!”

“Punguza sauti, watu wanasikia.”

“Wamekwisha kusikia! Watu ishirini na wawili wamelisoma asubuhi hii. Walipofika swali la saba wote waligeuka kunitazama. Mmoja akalia kama ndama.”

Damari Samweli alikibana kikapu kwapani. Ndani yake, chini ya kanga, zilikuwemo karatasi za majibu za marefa hao ishirini na wawili. Stendi ya mabasi ya Singida ilikuwa imejaa Jumamosi ile ya Agosti 1974: magunia ya vitunguu, matenga ya kuku, akina mama wanaotafuta nafasi, makondakta wanaogombea mizigo. Upepo ulipiga vumbi usoni bila kupumzika. Damari alivaa gauni la kitenge cha bluu lililovuka magoti, kama mwalimu alivyotakiwa, na kilemba alichokifunga kwa haraka. Gaspari Alute alivaa suruali ya bugaluu, pana miguuni, ya rangi ya maziwa, ambayo sasa ilikuwa na rangi ya barabara, na viatu vya raizoni vyenye soli nene. Alikuwa mrefu tayari. Raizoni zilimfanya aonekane kama nguzo ya simu.

“Sikuandika jina la kijiji cha Mungaa,” alisema Damari. “Wala jina lako. Niliandika ‘katika mechi ya Sabasaba kijijini’.”

“Ng'ombe wangapi wamewahi kuingia golini siku ya Sabasaba? Taja wawili tu.”

“Umekasirika kwa sababu siku ile ulipochezesha ulikosea.”

“Nani kakwambia nilikosea?”

Damari alikihamishia kikapu kwapa la pili.

“Uliniuliza mimi?”

“Ningekuulizaje, na wewe ni mtahiniwa?”

“Basi ulimwuliza mshika kibendera? Ulimwuliza kipa? Hapana. Umeokota maneno ya sokoni ukayapiga chapa.” Kondakta aligonga bati la basi la Manyoni. Gaspari aliweka mguu mlangoni. “Nimeandika ukweli: swali lako halijibiki. Utanipa sifuri, najua. Na mjomba nitamwambia asije kwenu kuposa. Miezi minane unanificha kama sukari ya magendo. Washenga wataingiaje nyumba ambayo hata jina langu halijulikani?”

“Gaspari!”

Basi liliondoka. Damari alibaki na kikapu chake, macho yamejaa vumbi, au ndivyo alivyomwambia mwenye kuku aliyemwuliza.

Walikuwa wamekutana sokoni, hatua chache kutoka pale. Damari alikuwa akibishana na mwuzaji juu ya jogoo aliyekonda, jogoo akachomoka, na soko zima likaanza kumkimbiza. Ndipo filimbi ikalia, kali, ndefu. Watu wote wakasimama kama waliogandishwa, hata mpagazi mwenye gunia begani. Jogoo peke yake hakujua sheria. Alikimbia moja kwa moja mpaka kwenye miguu ya yule kijana mwenye filimbi, naye akainama akamkamata.

“Mwalimu, jogoo wako alikuwa ameotea,” alisema.

“Na wewe umesimamisha soko kwa ruhusa ya nani?”

“Ya filimbi.”

Alikuwa karani wa stesheni ya reli Manyoni, na siku za mapumziko alichezesha mpira. Wiki ile ile simu ya ofisi ya shule ilianza kulia saa nane mchana, vipindi vinapoisha.

“Mwalimu wangu, umekula?”

“Nimekula. Refa wangu, umetukanwa?”

“Kidogo. Leo wameishia kwa bibi tu, mama hawakumgusa.”

“Dakika tatu zimeisha,” ilisema sauti ya Cecilia, opereta wa simu. Alisikiliza kila neno na hakuona haja ya kujificha.

Kisha kamati ya waamuzi ya mkoa ikamwita Damari. Mwenyekiti, Mzee Mughwai, alikuwa amechoka na mtihani wao wa sheria kumi na saba. Uliwataka watu wataje sheria ya tano, waandike sheria ya kumi na moja. Kila mwaka waliofaulu walikuwa wenye kukariri, na wakiingia uwanjani walichanganyikiwa. Damari alikuwa na diploma ya ualimu na alijulikana kwa kutunga mitihani. Aliutazama mtihani ule dakika mbili tu.

“Mzee, huu hata kasuku angepata tisini,” alisema. “Mwekeni mtu uwanjani. Mwambieni kipi kimetokea, mumwulize anaamua nini, na kwa nini.”

Alipewa kazi. Aliusoma mwongozo wa sheria kurasa zote, akaenda kutazama mechi, akatunga maswali kumi ya matukio. Gaspari alikuwa kwenye orodha ya watahiniwa. Mtihani wa zamani alikwisha kuufeli mara moja, na aliyefeli mara mbili aliondolewa kwenye orodha ya marefa kwa miaka miwili. Damari akampigia simu.

“Usinipigie mpaka mtihani upite. Usiniandikie barua. Tukikutana barabarani, nisalimie kama jirani.”

“Kwa nini? Una aibu nami?”

“Nina mtihani.”

Aliona amefanya jambo la haki. Hakujua kwamba Manyoni mtu alikuwa akiitazama simu wiki tatu nzima na kujiuliza ni nani mwingine aliyeingia.

Jumamosi ile, baada ya basi kuondoka, Damari hakuweza kukaa. Alifagia chumba ambacho kilikwisha fagiwa. Aliweka chai akaisahau mpaka maji yakakauka sufuriani. Mwishowe alitoka kwenda kwa mwalimu mwenzake, Febronia, mwenyeji wa Mungaa, ambaye ndiye aliyemsimulia habari za ng'ombe.

“Febronia, yule ng'ombe aligusa mpira?”

“Aliusukuma kwa pua! Ukaingia wavuni. Na huyo refa asiye na macho akaweka mpira kati.”

“Ulimwona akiusukuma?”

“Mimi nilikuwa nyuma ya ofisi ya kijiji nakaanga maandazi. Nilisikia kelele.”

“Nani alikwambia habari ya pua?”

“Kila mtu, shoga. Tulifungwa moja bila. Ulitaka tuseme nini?”

Damari alirudi nyumbani mbio. Alifungua mwongozo wa sheria, sheria ya kumi, maelezo ya chini yenye herufi ndogo ambayo aliyapita haraka mara ya kwanza. Kitu au mtu wa nje akiingia uwanjani mpira unapokwenda golini, akaugusa au akauvuruga mchezo, si goli. Refa asimamishe na kudondosha mpira pale ulipoguswa. Asipougusa wala kuuvuruga mchezo, goli ni halali.

Akasoma swali lake. *Katika mechi ya Sabasaba kijijini, mpira unaelekea golini. Ng'ombe anaingia mbele ya mstari. Mpira unaingia wavuni. Utaamuaje?* Hapakuwa na neno moja la kugusa au kutogusa. Kwenye mwongozo wa kusahihisha alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: *Si goli. Alama kumi.*

Alizichomoa karatasi. Kumi na mbili zilisema si goli. Tisa zilisema goli. Moja, kwa mwandiko ulioinama kulia aliokuwa nao kwenye barua kumi na nne sandukuni mwake, ilisema: *Swali halijibiki mpaka refa aambiwe kama ng'ombe aligusa.* Kisha ikaeleza maamuzi yote mawili, barabara.

Jumatatu, saa nane mchana, yeye ndiye aliyepiga simu.

“Stesheni Manyoni,” ilijibu sauti kavu.

“Ni mimi.”

Nyuma ya Gaspari kengele ya stesheni iligongwa.

“Ulikuwa na haki,” alisema Damari. “Swali ni bovu. Nimelitunga kwa maneno ya mtu aliyekuwa anakaanga maandazi.”

“Hakuugusa,” alisema Gaspari. “Nilikuwa hatua nne. Alipita nyuma ya goli, kichwa tu ndicho kilichovuka mstari, naye kipa alikuwa amekwisha kuanguka upande mwingine. Nimelieleza hilo kila kona ya mkoa huu, hakuna anayetaka kusikia.”

“Mimi nataka.”

“Umechelewa kidogo, mwalimu.”

“Nitalifuta swali.”

“Usilifute!” Sauti ilipanda. “Wakija kujua habari zetu watasema umenibeba. Utavunjiwa heshima, na mtihani wako utatupwa, warudi kwenye kukariri. Acha nifeli.”

“Kwa hiyo niwanyang'anye alama watu tisa ili nisisemwe?”

“Utawaambia nini? Hakuna anayejua kama tunajuana.”

“Cecilia anajua.”

“Mimi simwambii mtu,” alisema Cecilia. “Lakini dada Damari, semeni upesi, dakika zimebaki chache.”

Gaspari alicheka bila kutaka, kisha akakumbuka amekasirika. “Mimi nimechoka kujulikana na opereta peke yake,” alisema, na akaweka simu chini.

Kamati ilikutana Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi. Wanaume watano, meza moja, madirisha yanagongwagongwa na upepo. Damari aliingia na kikapu.

“Shikamooni, wazee.”

“Marahaba, mwalimu. Umetuletea alama?”

“Nimewaletea karatasi, sijasahihisha hata moja.” Aliziweka mezani. “Swali la saba lifutwe kwa wote, mtihani usahihishwe kwa alama tisini. Nimelitunga vibaya. Limeacha jambo ambalo refa lazima alione ndipo aamue. Sheria ni hii hapa, someni.”

Mzee Mughwai alivaa miwani, akasoma, akampa jirani yake. Walinong'ona. Mmoja akatikisa kichwa kukubali.

“Kweli limepinda,” alisema mwenyekiti. “Linafutwa. Kwani ndilo lililokuzuia kusahihisha?”

“La. Kuna la pili, na hili nilipaswa kulisema siku mliyonipa kazi.” Alishika ukingo wa meza. “Mmoja wa watahiniwa ni mchumba wangu. Hakuona mtihani, hakuniuliza, nami sikumwambia. Lakini mwandiko wake naujua. Sahihisheni ninyi.”

Dirisha liligonga. Hakuna aliyeinuka kulifunga.

“Mwalimu,” alisema Mzee Mughwai polepole, “unajua watu watasemaje?”

“Watasema wakiwa wanajua, mzee. Bora hivyo.”

“Na ni yupi?”

“Sahihisheni kwanza. Nikiwatajia sasa, mtamwonea au mtampendelea.”

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mwenyekiti hakucheka. “Mwakani hatutakupa mtihani huu,” alisema.

“Najua. Msirudie ule wa kasuku, basi.”

Alitoka. Angeweza kwenda nyumbani. Alifika njia panda ya kwao, akasimama kidogo, akapita. Stendi, basi la Manyoni lilikuwa linanguruma. Alipanda kama alivyo, kikapu kitupu mkononi, akakaa kati ya mama mwenye debe la asali na mzee aliyesinzia begani mwake kutoka Ikungi mpaka mwisho wa safari.

Stesheni ya Manyoni watu walikuwa wamejipanga mbele ya dirisha la tiketi. Damari alijipanga nao. Zamu yake ilipofika, karani hakuinua macho.

“Unakwenda wapi?”

“Kwa mjomba wako.”

Gaspari aliinua macho. Alimwona mwenye vumbi mpaka kwenye kope, kilemba kimelegea upande.

“Nimewaambia kamati kwamba nina mchumba kati ya watahiniwa,” alisema Damari. “Niambie kama nimewadanganya wazee.”

“Umewaambia? Wote?”

“Watano.”

“Dada, kama hukati tiketi tupishe!” mtu alipiga kelele nyuma.

“Swali?” aliuliza Gaspari.

“Limefutwa. Mengine sijui, sisahihishi tena.”

“Nikifeli je?”

“Utafeli ukiwa mume wa mtu. Haraka, Gaspari, watu wana treni.”

Gaspari aliliweka daftari la tiketi mbele ya mwenzake, Simeoni, bila kumweleza neno. Alipita mlango wa pembeni, akatoka mpaka kwenye foleni, akamshika mkono mbele ya abiria wote, na wakaenda kwa mjomba.