Foronya Zilizofumuliwa

Kila siku baada ya masomo, Kiherehere ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye chumba cha ushonaji cha shule. Jina hilo alibandikwa na wenzake, na kusema kweli lilimkaa sawasawa. Alifuta cherehani, akazitia mafuta, akapanga vitambaa. Mwalimu alikuwa amemchagua kuongoza kikundi cha wanafunzi wanne waliotakiwa kushona foronya za bweni jipya.

Tatizo ni kwamba hakuridhika na mkono wa mtu yeyote isipokuwa wake. Wenzake wakishaondoka, alichukua foronya zao, akafumua mishono iliyopinda na kuishona upya. Maskini, alidhani anawasaidia.

Siku moja rafiki yake, Kibonge, mmoja wa kikundi hicho, alirudi kuchukua sweta aliyoisahau. Akamkuta Kiherehere anafumua foronya yake.

"Kumbe ndiyo mchezo wako!" alisema Kibonge, machozi yakimlengalenga. "Basi zishone zote mwenyewe, bosi!"

Kesho yake hakuja mtu; Kibonge alikuwa amewaambia wenzake wote. Kiherehere alishona peke yake mpaka mgongo ukamuuma, na kitambaa hata hakikupungua. Lakini kilichomuumiza zaidi ni Kibonge kumpita mlangoni bila hata salamu.

Nyumbani alimweleza shangazi yake, msimamizi wa mafundi katika karakana ya nguo. Shangazi hakumgombeza.

"Jumamosi twende wote kazini," alisema. "Utakaa, utatazama, hutagusa kitu. Najua utateseka."

Huko karakanani, Shangazi aliona shati lenye kola iliyopinda. Alimwita kando fundi aliyelishona, wengine wasisikie.

"Mikono umeiweka safi kabisa, fundi. Kola ndiyo imekupiga chenga. Hebu jaribu kwenye kipande hiki nikuone."

Fundi akashona, Shangazi akamwonyesha alipokosea. Kisha fundi akaifumua kola yake mwenyewe na kuirudia, huku akipiga mluzi.

Jumatatu Kiherehere alimfuata Kibonge.

"Nisamehe. Nilikudharau."

"Utafumua tena?"

"Nikigusa kazi yako, nifukuze."

Kibonge alinuna kidogo, kisha akacheka. Baada ya masomo alishona kwenye kipande cha majaribio, Kiherehere akaona kumbe anavuta kitambaa. "Usikivute. Kiache kiende, wewe kiongoze tu." Waliposikia wawili hao wamepatana, wale wengine nao wakarudi.

Foronya zilipokamilika, Shangazi alikuja kuziona. Alinyanyua moja ya Kibonge, ambayo pindo lake lilikuwa limekwenda upande kidogo.

"Hii umeiona?" alimnong'oneza Kiherehere.

"Nimeiona. Ni ya kwanza aliyoishona mwenyewe mpaka mwisho, Shangazi. Zilizofuata zimenyooka."

Shangazi alimshika bega. "Sasa ndiyo unaongoza, mwanangu. Ukimfanyia mwenzako kazi yake, unamnyima nafasi ya kuijua, na wewe unabaki na kazi zote bila mtu. Mwonyeshe, halafu mwachie. Atakosea, ataudhika, atajifunza. Na kesho atakuja tena."