Pumzi ya Anonciata

Kila jioni akitoka shule, Anonciata aliketi dukani kwa baba yake, pale Isingiro, andazi mkono huu na soda mkono ule. Maji yaliletwa nyumbani na kijana wa baiskeli, kuni zilinunuliwa. Yeye kazi yake kukaa tu. Chakula cha jioni kilikuwa ndizi zilizoungwa kwa samli, na bibi yake, Mukantabana, hakuinuka mpaka mjukuu amalize kikombe kikubwa cha maziwa.

"Kunywa, mjukuu wangu. Tulipofika hapa kutoka Rwanda, watu walituita wenye njaa. Nani atasema hivyo akikuona wewe?"

Basi Anonciata alikunywa, hata akiwa ameshiba. Bibi kama huyo utamkatalia vipi?

Shuleni alikuwa mfungaji wa timu ya mpira wa pete, na kwa shabaha hakuwa na mpinzani. Lakini siku hizi akikimbia kidogo tu, anashika kiuno, anahema. Mwalimu Eustadia akamwita pembeni.

"Mwezi ujao tunacheza na shule ya Chonyonyo. Ukiendelea hivi, nafasi yako nitampa Deodatha."

Anonciata alilia njia nzima. Bibi aliposikia, alifunga kanga yake akaenda shuleni moja kwa moja.

"Mwalimu, mjukuu wangu amenawiri, nawe unamwonea kijicho?"

"La, Bibi. Hebu niambie, ulipokuwa na umri wake ulikula nini?"

"Maziwa na samli, kama yeye."

"Na kutwa ulifanya nini?"

"Nilichota maji bondeni. Nililima. Nilipanda mlima na kuni kichwani..." Bibi akamkumbuka kijana wa baiskeli.

Kesho yake kijana wa baiskeli aliambiwa asilete maji tena. Anonciata alishuka bondeni na ndoo huku amenuna. Maandazi na soda vikabaki vya wateja. Nyumbani zikapikwa ndizi kwa maharage na mboga za majani, na maziwa yakawa kikombe kidogo. Bibi aliumia kuliko hata mtoto, lakini hakumwongezea.

Siku ya mechi Anonciata alicheza mpaka filimbi ya mwisho, na bao la ushindi lilikuwa lake. Bibi akamkumbatia.

"Nilidhani kukupenda ni kukushibisha tu," alisema. "Mwili unataka chakula cha kiasi, na unataka kazi. Nilikupa kimoja nikakunyima cha pili. Nisamehe, mjukuu wangu."