Vipande Vinne vya Shaba

Ndwiga aliondoka Meru Jumapili moja ya manyunyu, na Jumatatu saa ya chai Kananu alikuwa bado anamwekea kikombe. Koti lake la kazi lilining'inia nyuma ya mlango wa ofisi. Chuma chake cha kulehemu kilikuwa baridi mezani. Simu iliita weee bila kupokewa, kisha ukaingia ujumbe mfupi: "Niko nyumbani Kibugu. Nimalizie kazi. Usinichukie."

Kananu aliusoma akiwa amesimama, akaketi, akausoma tena. Jumamosi tu mtu huyu alikuwa sebuleni kwa baba yake Kananu, Mzee Muthamia, amevaa suti ya bluu na viatu vilivyong'aa, pamoja na wazee wawili kutoka kwao, wamekuja kuposa. Yeye Kananu alikuwa jikoni na shangazi zake, mikono imejaa unga. Alisikia vicheko. Alimsikia baba akiombea chakula kwa sauti yake ya kanisani. Sasa nani huposa Jumamosi na kutoroka Jumapili?

Walikuwa wamekutana katika duka la vipuri vya redio karibu na steji ya Meru, siku ya soko, watu wakisukumana hadi mlangoni. Kananu alikuwa na gauni la njano na raba nyeupe zilizokwisha kuchafuka. Mikono miwili ilishika kwa pamoja bodi ya mwisho yenye ngozi ya shaba.

"Dada, mimi ndiye nimeishika kwanza."

"Umeishika pembeni. Mimi nimeishika katikati."

"Unaenda kuikatia vitunguu?"

"Naenda kuichonga antena. Na wewe, mtu wa shati la kwaya?"

Ndwiga akaiachia kama iliyomchoma, maana naye alitaka kuchonga antena, na tangu atoke Embu hakuwa amekutana na mtu wa kuzungumza naye habari hizo. Bodi ile waliikata katikati. Kabla msimu wa viazi kwisha, walikuwa wamekodi chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, wakiunganishia watu intaneti. Yeye alimwita Kananu "malkia wa viazi", na Kananu alimwita "mpenzi wa majani", kwa sababu mazungumzo yake yote yalirudi kwenye chai ya mama yake.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya ghala la wakulima wa viazi huko Kibirichia. Walitaka kujua bei ya Nairobi kabla dalali hajafika na lori lake. Antena ya zamani ilitapanya mawimbi milima yote, ikafika kila mahali kidogo na popote haikufika vizuri. Ndwiga alieleza jambo hilo kwa vidole. Kipande kimoja cha shaba ni kama taa ya koroboi, humulika chumba chote kwa unyonge. Lakini vipande vinne, uvilishe umeme kwa pamoja, na nguvu yote itakusanyika mbele kama mwanga wa tochi. Aliondoka kabla ya kuchora njia za kulishia umeme huo.

Kananu alizichora mwenyewe. Aliingiza umeme katikati ya bodi, akautawanya kushoto na kulia, jozi mbili zikitazamana kama mtu na kioo. Ulikuwa mchoro mzuri, mzuri kuliko wowote aliowahi kuchora. Aliuchonga kwa asidi, akausafisha, akaupeleka Kibirichia.

Pale uani aliifunga antena kwenye nguzo, akaanza kutembea na kipimo mkononi. Pembeni kushoto, nguvu tele. Pembeni kulia, tele. Alipokuja kusimama mbele yake hasa, kipimo kilishuka kikafa. Alirudia. Alibadilisha betri. Alirudia tena.

Marcella, karani wa ghala, alikuwa akimtazama, amejifunga leso juu ya sweta mbili. "Hii kitu yako ina madharau," alisema. "Inasalimia majirani wote, ila mtu aliyesimama mbele yake haimwoni."

"Sielewi, Mama."

"Si ungemuuliza yule kijana wako?"

Kananu alisema yule kijana hapokei simu. Marcella akamwambia kwamba ya mapenzi huenda asipokee, lakini ya kazi ni ya kazi, na watu hapa wanangoja bei. Basi Kananu akapiga.

Safari hii Ndwiga alipokea. Nyuma yake kulikuwa na watu wengi. Wanawake waliimba, sufuria ziligongana, na sauti moja ya kike ikamwita kwa Kiembu, kwa ukaribu wa mtu wa nyumbani. Moyo wa Kananu ulishuka hadi kwenye raba. Arusi, alijisemea. Anaoa.

Akauliza habari ya antena.

"Vya kushoto umevilisha kutoka upande gani?" Ndwiga aliuliza. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua.

"Upande wa kulia. Kutoka katikati."

"Na vya kulia?"

"Upande wa kushoto."

"Basi vinapingana, Kananu. Wimbi la hivi likipanda, la vile linashuka. Pembeni unapata kitu, lakini mbele yanafutana, hubaki na chochote. Vilishe vyote kutoka upande mmoja. Na njia zake ziwe na urefu sawa."

"Nilidhani inapendeza."

"Inapendeza. Mimi pia nilifanya hivyo mara ya kwanza."

Angekata pale, asingejua lolote. Lakini alikuwa amechoka kutoelewa. "Kuna sherehe huko?"

"Kuna watu."

"Ndwiga, nilikukosea nini?"

Wanawake waliendelea kuimba. "Hukunikosea. Muulize mzee kama alikifungua," alisema, na simu ikakatika.

Alifungua nini? Jioni hiyo Kananu alimkuta baba yake akikama ng'ombe, akamuuliza hivyo hivyo. Mzee Muthamia hakugeuka upesi.

"Kile kitita cha miraa," alisema. "Ncoolo ya posa. Yule kijana aliniwekea mezani."

Ikabidi amfafanulie, maana katika nyumba ile ya wazee wa kanisa miraa haikutajwa. Mposaji huleta kitita kilichofungwa vizuri. Baba akikifungua na kutafuna, amekubali. Rafiki mmoja wa Igembe ndiye aliyemfundisha Ndwiga, na bila shaka alimfundisha pia maana ya kitita kinachobaki kimefungwa hadi wageni wanaaga.

"Na hukukifungua, Baba?"

"Mimi? Tangu nibatizwe sijatia kitu hicho mdomoni. Lakini mila ni mila. Nilimwita baba yako mdogo Mwirigi kutoka Maua aje anitafunie. Akafika Jumatatu."

"Akatafuna?"

"Alikimaliza. Akasema kijana amechagua vizuri."

Kananu alishika nguzo ya zizi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilingoja wao warudi kuchukua jibu, ndivyo inavyokwenda. Hawakurudi. Nikadhani amebadili nia, na mimi nitaanzaje kukuchoma moyo kwa kukuuliza? Nenda, mwari. Mwambie mimi nilikubali kabla hajamaliza chai."

Alikwenda asubuhi iliyofuata, amevaa lile gauni la njano. Njia nzima hadi Embu alipanga maneno ya kumwambia mtu ambaye huenda tayari ana mke. Bodaboda ilimpandisha Kibugu katikati ya mashamba ya chai, ikamshusha penye turubai lililokuwa likikunjwa. Viti vya kukodi vilirundikwa. Msichana mwenye sauti ile ya simuni alikuja kumpokea, akasema yeye ni Mukami, dada yake Ndwiga, ameolewa Runyenjes. Kananu alitazama juu ya bega lake, akaona udongo mbichi nyuma ya nyumba, na maua juu yake.

Ndwiga alitoka amevaa gambuti, ndevu hazijanyolewa.

"Ni mama," alisema. "Aliugua ghafla. Ulipopiga walikuwa wakimwimbia. Tumemzika jana."

"Na ukakaa kunieleza habari ya antena?"

"Ndicho kitu pekee siku ile nilichokuwa nakielewa."

Kananu alimweleza habari za Mwirigi. Ndwiga alicheka, kisha kicheko kikamgeuka, akakaa juu ya kreti akaficha uso. Mama yake, alisema, aliuliza juu yake hadi mwisho. Msichana wa viazi anakuja lini? Naye alimjibu kwamba wamemkataa.

"Ningekuja," Kananu alisema. "Ungeniambia tu, mpenzi, ningekuja."

"Najua. Sasa najua."

Alikaa naye pale juu ya kreti, gauni la njano likigusa matope, wala hakuna aliyemwambia mwenzake usilie.

Ndwiga amerudi kazini Meru, na Kibirichia sasa wanapata bei kabla lori la dalali halijafika. Habari za mahari zitaendelea mwaka ujao, kwa heshima ya marehemu. Kila Ijumaa wanafunga ofisi mapema na kwenda Kibugu, kwa sababu nyumba ile haina mtu mwingine wa kuwasha moto.