Kibao cha Wanza

Kwa jina la Mola aliyemfunza Adamu majina ya vitu vyote, naanza.

Wahusika ni watatu. Wanza ni fundi wa cherehani Kawangware na mwimbaji wa kwaya. Oketch ni mchora mabango wa Gatwekera, Kibera. Walikutana sokoni Kawangware, kila mmoja ameshika mkono mmoja wa gauni lile lile la mtumba, na wakapendana. Wa tatu ni Munyao, mwenye duka la mbao, aliyekwisha kumposa Wanza na kuahidiwa jibu Jumamosi saa kumi.

Jumatano, kwaya ikifanya mazoezi, Oketch alileta kibao cha herufi za dhahabu, kisemacho kwa Kiingereza kwamba sauti ya Wanza ni “pathetic”. Kwa wote waliokisoma neno hilo lilimaanisha kitu duni. Kwaya ikaangua kicheko.

“Ametoka Kibra yote kuja kukutusi,” alisema Njambi, mwimbaji mwenzake. “Na rangi ya bei.”

Wanza akatoka. Simu za Oketch hakuzipokea hadi Ijumaa.

“Babe, nisikize.”

“Usiniite babe. Kesho saa kumi najibu watu wa Munyao.”

Akakata.

Jumamosi saa tisa unusu Oketch alifika kwa Wanza na kamusi kuukuu. Wanza alikwisha kuvaa kitenge cha kijani. Shangazi yake alisimama mlangoni akimharakisha. Oketch akaeleza kwamba neno lile lilizaliwa kwa Wayunani, katika “pathos”, yaani yale yampatayo mtu moyoni, maumivu yakiwemo. Waingereza wa kale waliliita hivyo jambo liugusalo moyo. Baadaye likashuka hadi huruma, na kutoka huruma hadi dharau. Kamusi yake ilikuwa na maana ya kwanza tu; hizo nyingine aliziulizia baada ya kicheko. Ukurasa uliofuata ulikuwa umechanika.

“Kwa hivyo nimechekwa juu ya Wagiriki,” alisema Wanza. “Weka hiyo kitabu chini. Niambie na Kiswahili yako.”

Oketch akaiweka kamusi chini. Shangazi akatazama saa.

“Ukiimba naumia,” alisema. “Na sitaki kupona.”

Wanza hakutabasamu. Alijifunga lesso.

“Shangazi, tangulia. Hiyo ‘hapana’ nitawaambia watu wa Munyao mwenyewe, wasisikie kwa mwingine.” Akamgeukia Oketch. “Na wewe twende. Kama unaogopa, rudi saa hii.”

“Naogopa.”

“Basi tembea ukiogopa.”

Ewe Mola, wabariki wawili hao, umpe Munyao faraja ya upesi, nasi tuliobaki utujaalie ndimi zisemazo yaliyomo nyoyoni. Amina.